Nywele Zinazojikunja Zikatwe Zikiwa Kavu na Zimejikunja

Msomaji mmoja wa South C, Nairobi, ameniandikia hivi: "Shikamoo. Nywele zangu ni za kujikunja, nimezirithi kwa mama, mtu wa Lamu. Mbele ni mawimbi mapana, kisogoni zinajisokota zaidi. Kila nikienda saluni wananiosha, wananipiga draya mpaka zinyooke, kisha wananipunguza ncha. Zikiwa zimenyooka zinapendeza, lakini zikilowa tu, upande mmoja unapanda mpaka sikioni na mwingine unabaki begani, halafu chini zinatanuka na utosini zinalala. Kazini huvaa mtandio, na jioni nikiuvua nywele zimetimka. Msusi wangu ananishauri niweke dawa ya kulainisha au keratini ya saluni niondokane na shida. Nimsikilize, au kuna namna ya kuzikata na kuzitunza jinsi zilivyo?"

Marahaba, binti yangu. Usiweke dawa wala keratini kabla hujakatwa vizuri walau mara moja, kwa sababu hayo unayoyalalamikia hayatokani na ubaya wa nywele zako. Kupanda kwa upande mmoja na kutanuka kwa chini kumeletwa na mkasi. Kutimka kwa jioni kunaletwa na namna unavyozikausha na kuzifunika. Nitaanza na mkasi, na huko nitakaa zaidi, kwa kuwa hata ukinunua mafuta yote yanayouzwa Dubois Road hayatalinganisha nywele zilizokatwa vibaya.

Umbo la unywele huamuliwa ndani ya ngozi, kabla haujachomoza. Kifuko unamoota unywele wa singa kimesimama wima, na unywele wenyewe ni wa duara. Kifuko cha unywele unaojikunja kimepinda, na unywele unaotoka humo ni bapa kidogo. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na nyuzi za protini hiyo zimeshikamana kwa vifungo vya aina mbalimbali, ambavyo viwili kati yake vinatuhusu hapa. Vifungo vya salfa ni vya kudumu, na ndivyo vinavyoushikilia msokoto. Vifungo vya haidrojeni ni vya muda, hulegea unywele unapolowa au kupata moto, kisha hujifunga upya unapokauka au kupoa, katika umbo lolote utakalokuwa nalo wakati huo. Draya na brashi ya msusi wako zinagusa hivi vya muda peke yake. Ndiyo maana unatoka saluni na nywele zilizonyooka, na ukipitiwa na manyunyu pale kituo cha matatu zinarudi zilivyokuwa. Hazijaharibika zinaporudi; zimefuata tu vile vifungo vya kudumu, ambavyo havikuguswa.

Sasa fikiria mkasi unapita wapi. Nywele zikinyooshwa kwanza, msusi anakata urefu ambao wewe huuvai siku nyingine yoyote. Chukua vipande viwili vya mpira wa kiunoni, kimoja kigumu na kingine kilicholegea, uvivute mpaka vilingane, uvikate mahali pamoja, kisha uviachie: havitarudi vikiwa sawa. Kichwani mwako hali ni hiyo, kwa sababu umesema mwenyewe kwamba mbele una mawimbi na kisogoni misokoto. Tuchukulie kwamba msusi amekata nywele zote zikiwa na sentimita 30 zilizonyooka. Mawimbi ya mbele yakikauka yenyewe huenda yakashuka hadi sentimita 26, na misokoto ya kisogoni ikarudi hadi 20. Tofauti hiyo haikuonekana ulipokuwa kwenye kiti, na msusi hakuwa mzembe. Alilinganisha alichokiona, lakini alichokiona hakikuwa nywele zako za kila siku. Tena pande mbili za kichwa kimoja ni nadra kujikunja sawasawa, na tofauti hiyo ndogo ikikatwa ikiwa imenyooshwa ndiyo inayokuletea sikio upande mmoja na bega upande wa pili.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba nywele zikatwe katika hali ambayo mwenyewe huishi nazo. Kwako wewe, hali hiyo ni kavu na zimejikunja. Mwenye nywele za kipilipili ambaye mwaka mzima husuka au huzinyoosha, anaweza kupunguzwa ncha zikiwa zimenyooshwa na asipate hasara yoyote, kwa kuwa hivyo ndivyo anavyozivaa. Lakini yule anayeziacha wazi zijikunje zenyewe, ambazo huweza kupoteza zaidi ya nusu ya urefu wake zikikauka, akikatwa zimenyooshwa atajuta. Mwenye mawimbi mapana peke yake anaweza kukatwa mbichi ili mstari wa chini utoke safi, kisha zikaushwe na kusahihishwa. Utakutana na watu wanaogawa nywele kwa namba na herufi, kuanzia 2A hadi 4C, mfumo uliotokana na msusi wa Marekani, Andre Walker. Utumie kujieleza dukani ukitaka, lakini usiukabidhi mkasi wako, kwa maana kichwa kama chako kina namba tatu kwa wakati mmoja.

Ukatwaji wenyewe unakwenda hivi. Unafika saluni ukiwa umeosha nywele siku hiyo au jana yake, zimekauka bila kuguswa, hazina mafuta mazito, na hujazifunga, kwa sababu nywele zilizofungwa hubaki na alama ya kamba na mkasi hudanganywa na alama hiyo. Unakaa wima, miguu yote miwili chini, kidevu sawa. Mguu mmoja ukipanda juu ya mwingine bega hushuka na mstari wa nywele huenda upande. Msusi hatumii kitana. Anatenganisha misokoto kwa vidole, anaushika mmoja bila kuuvuta, anautazama unapoishia, anakata, anauachia, kisha anauangalia umekaa wapi kati ya wenzake kabla ya kwenda kwa unaofuata. Anaanza na kidogo sana, kwa kuwa sentimita moja ya unywele uliojikunja ni zaidi ya sentimita moja ukivutwa. Akimaliza mzunguko wa kwanza anasimama nyuma yako, anasogea mbele, anakutaka utikise kichwa, halafu anarudia palipojitokeza. Kazi hii haiendi haraka, na msusi anayeiharakisha hajui anakata nini.

Ule utanuko wa chini nao una sababu yake. Nywele zinazojikunja zikikatwa zote urefu mmoja, ncha zote hukutana kwenye mstari mmoja, na kwa kuwa kila msokoto unahitaji nafasi yake, zinasukumana kwenda nje. Utosini zinalala kwa sababu zinavutwa na uzito wa urefu wake. Dawa yake ni matabaka: nywele za juu zikatwe fupi kuliko za chini, kwa kiasi, kufuata mviringo wa kichwa, ili misokoto ya juu ipate wepesi wa kuinuka na ya chini ipungukiwe na msongamano. Nasema kwa kiasi kwa sababu matabaka mafupi mno utosini kwa mwenye mawimbi humwacha na kishungi juu na nywele chache chini. Msusi akitaka kupunguza wingi kwa wembe au kwa mkasi wenye meno, mkatalie kwa heshima. Wembe huchana ncha badala ya kuikata, na ncha iliyochanika hupasuka mapema na kusimama ovyo; mkasi wenye meno huacha vinywele vifupi katikati ya misokoto, ambavyo havina wa kujiunga naye na vinachomoza kila upande.

Nairobi ina wasusi hodari, na ukienda Kenyatta Market utaona mikono inayosuka kichwa kizima kwa ustadi ambao miji mingi haina. Ila kusuka ni fani moja na kukata misokoto ni nyingine, na wengi hawakufundishwa hii ya pili, kwa hiyo usichague saluni kwa umaarufu wake. Piga simu kwanza, uulize: "Je, mnakata nywele zinazojikunja zikiwa kavu, bila draya wala pasi?" Wakijibu kwamba lazima zinyooshwe ndipo zilingane, washukuru na utafute kwingine. Ukipata anayekubali, mwonyeshe picha ya nywele zako mwenyewe za siku zilipokaa vizuri, badala ya picha ya mtu mwingine ambaye kifuko chake cha unywele si chako, na umwambie huwa unazifunga au unaziachia, na ni upande gani unaogawia njia.

Kuhusu tofauti iliyopo sasa kati ya sikio na bega, usikubali ilinganishwe kwa siku moja, kwani utaishia na nywele fupi kuliko ulivyotaka. Nywele huota takriban sentimita moja kwa mwezi, pungufu kidogo kadiri zinavyojikunja zaidi. Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu au minne, upande mrefu upunguzwe kwa kiasi kilichoota au kuzidi hapo kidogo, na upande mfupi uachwe kabisa isipokuwa ncha zilizopasuka. Matabaka yataificha tofauti iliyobaki, na kadiri miezi inavyopita pande zitazidi kukaribiana bila wewe kupoteza urefu wa jumla.

Tuje kwenye dawa. Dawa za kulainisha zina hidroksidi ya sodiamu, au ile ya kalsiamu inayochanganywa papo hapo, na kazi yake ni kuvunja vile vifungo vya salfa vya kudumu. Kikishavunjwa hakirudi, msokoto unaopenda uurudishe baadaye itabidi uote upya kutoka mzizini. Wakati huo utakuwa na nywele za aina mbili kwenye unywele mmoja, na mahali zinapokutana ndipo zinapokatikia. Kwa mwenye mawimbi kama yako, dawa mara nyingi huacha nywele zilizolala, nyembamba, ambazo si za singa wala si zako.

Keratini ya saluni nayo haina kawaida ya kuongeza keratini yoyote ya kudumu kichwani. Nyingi katika hizo hutegemea formaldehaidi, au kemikali zinazoitoa zikipata moto wa pasi, na ule moshi unaochoma macho na koo ndio huo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliitaja formaldehaidi mwaka 2004 kuwa miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Maandishi ya chupa yakisema haina formaldehaidi, soma viambato uone kama kuna methilini glaikoli, maana hiyo ikipashwa moto hutoa gesi ileile. Ninamhurumia zaidi msusi, ambaye huivuta siku nzima kwenye chumba kisicho na dirisha.

Sasa nyumbani. Kwa nywele zako, kuosha mara moja kwa wiki kunatosha, au kila baada ya siku nne au tano ukiwa mtu wa mazoezi na jasho. Kuna wanaofundisha kwamba nywele zinazojikunja zisiguswe kamwe na shampuu. Sikubaliani nao kwa mtu anayepita Mombasa Road kila siku, kwenye vumbi na moshi wa malori, kisha akafunika kichwa kwa muda wa saa nane. Ngozi ya kichwa inahitaji kusafishwa, la sivyo mba haitakutoka. Kinachofaa ni shampuu laini, iliyochanganywa na maji kidogo, ikatiwa kwenye ngozi ya kichwa tu na kusuguliwa kwa nyama za vidole badala ya kucha. Povu litakaloteremka linatosha kuosha urefu.

Baada ya hapo kondishena, na hapa usifanye ubahili. Mafuta ya asili ya kichwa huteremka kwa urahisi kwenye unywele ulionyooka, lakini kwenye unywele wenye kona hukwama karibu na mzizi, ndiyo maana ncha zako zinakauka hali mizizi ina mafuta. Tia kondishena tele kuanzia usawa wa masikio kwenda chini, kisha uzichambue kwa vidole au kwa chanuo lenye meno mapana, ukianza na ncha na kupanda taratibu kuelekea mizizini. Hapa ndipo pekee pa kuchana nywele zako. Ukizichana zikiwa kavu, unatenganisha misokoto iliyokuwa imeshikana kwa mafungu, na kila unywele unasimama peke yake. Huko ndiko kutimka kunakoanzia.

Ukishasuuza, usikimbilie taulo. Nywele zikiwa bado zinadondoka maji, paka jeli kiasi cha kujaa kiganja, ukiipitisha kwa viganja viwili vinavyokutana, kisha inamisha kichwa na ufumbate nywele kutoka chini kwenda juu, ukibana na kuachia. Utasikia mlio wa maji na jeli vikikamuliwa pamoja. Ukiukosa, maji hayatoshi, ongeza. Jeli ya dukani isiyo na kilevi kingi inafaa, na ute wa mbegu za kitani zilizochemshwa na kuchujwa unafaa vilevile, ila uuweke kwenye friji na uumalize ndani ya wiki moja kabla haujaharibika. Kisha kamua maji kwa fulana kuukuu ya pamba, hata ya kununuliwa Gikomba, kwani vijinyuzi vya taulo hukwaruza magamba yanayoufunika unywele na kuvunja mafungu uliyoyatengeneza. Baada ya hapo mikono ikae mbali. Nywele zitakauka na kuwa ngumu kwa ganda la jeli, na wengi hushtuka hapo wakaziosha tena. Zikishakauka kabisa, paka matone mawili matatu ya mafuta viganjani, ya nazi au ya parachichi, na uzifumbate tena. Ganda litavunjika na misokoto itabaki laini. Mafuta hayaongezi maji kwenye unywele, yanapunguza tu kupotea kwa maji yaliyomo, kwa hiyo ukiyapaka kwenye nywele kavu zilizokosa kondishena utapata mng'ao bila ulaini.

Kuhusu kukausha: mwezi wa Julai nywele nzito zinaweza kuwa mbichi tangu asubuhi hadi jioni, na najua huna siku nzima ya kusubiri. Tumia draya yenye kikombe cha matundu, kwenye moto wa chini, bila kutikisa nywele. Pasi iache. Ukilazimika siku ya harusi, isizidi nyuzi 180, na usiigusishe kamwe kwenye nywele zenye unyevu. Ule mlio wa kuchacharika unaousikia saluni pasi inapofunga ni maji yanayochemka ndani ya unywele na kuacha mapovu ndani yake, na mahali penye povu ndipo unywele utakapokatikia.

Angalia pia maji unayotumia. Maji ya mfereji ya Nairobi kwa sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, na hayana taabu. Lakini nyumba nyingi za kupanga hutegemea kisima kirefu au maji ya lori, na maji ya visima hivyo mara nyingi yana magadi na floraidi. Maji yenye magadi huinua magamba ya unywele, ukapapasa ukahisi ukwaru hata baada ya kondishena. Kama yako ni ya kisima, baada ya shampuu jimwagie nusu lita ya maji yenye kijiko kimoja cha mezani cha siki, uache dakika moja, usuuze, kisha utie kondishena.

Umebaki mtandio, na hapa nina ombi. Usiufunge juu ya nywele mbichi. Nywele zilizobanwa zikiwa na maji hukauka katika umbo la mbano, ngozi hubaki na joto na unyevu kwa saa nyingi, na harufu na mwasho hufuata. Osha Jumamosi asubuhi, au jioni mapema upate muda wa kuzikausha. Kofia ya ndani ya pamba husugua nywele kila unapogeuza shingo, kwa hiyo nunua kitambaa cha satini Eastleigh, umpe fundi akutilie kama bitana. Kabla ya kuvaa, kusanya nywele utosini kwa mpira mpana usiobana, misokoto ikiwa nzima. Usizivute nyuma na kuzikaza kwenye fundo la kisogoni. Ukifika nyumbani, nyunyiza maji kidogo, fumbata, uziachie zikae zenyewe. Usiku zikusanye tena utosini vivyo hivyo, ulale kwenye foronya ya satini.

Na kila wiki badilisha mahali pa fundo, kisha tazama kwenye kioo pale juu ya masikio na kwenye mstari wa paji la uso. Ukiona vinywele vya hapo vimekuwa vifupi na vyembamba, au vipele vidogo kuzunguka mizizi, legeza kila kitu siku hiyohiyo. Nywele zilizong'olewa kwa kuvutwa hurudi kama umewahi, lakini zikiendelea kuvutwa kwa miaka kifuko hufa na kubaki kovu, na hapo hakuna mafuta yatakayozirudisha. Ukilegeza na baada ya miezi mitatu huoni vinywele vipya, muone daktari wa ngozi kabla ya kurudi kwa msusi yeyote.